Samaki wa Leonidasi

Siku hizi mnaniita bibi, na nimekubali, lakini kwa miaka yote niliyofanya kazi katika mkoa huu wa Katavi watu waliniita Bwana Samaki. Nilikuwa na mimba ya Neema, tumbo limetangulia mbele, nimebebwa kwenye pikipiki kuelekea Mwese, na watu bado walitoka majumbani kwao wakiitana: "Bwana Samaki huyo anakuja!" Afisa uvuvi aliyekuwepo kabla yangu alikuwa mwanaume. Jina likabaki ofisini, mimi nikalikuta pale pamoja na meza mbovu. Mwanzoni nilikuwa nawasahihisha. Baadaye nikaona najichosha bure.

Sasa nyie mliokuja juzi kunisalimia hapa Mpanda, mnaoanza kazi, mliniomba niandike chochote kuhusu samaki wageni na namna ya kuwazuia wasisambae. Nimeandika, ila sikuandika kama ripoti. Ripoti nimeandika za kutosha, na nyingi nadhani zilisomwa na panya wa stoo tu. Hii someni taratibu, na chai pembeni.

Kwanza tuelewane kuhusu sato. Sato sina ugomvi naye. Ni samaki mtamu, anakua haraka, hasumbui kulisha. Ubaya ni kumwingiza kwenye maji yasiyo yake. Maji ya vijito vya Mwese yanashuka Ziwa Tanganyika, na humo kuna ngege wetu, ambaye ni kama binamu yake. Sato akiingia, anamnyang'anya ngege chakula na sehemu za kutagia, kisha wanazaliana wao kwa wao, watoto wanaotoka si ngege si sato. Nendeni Mwanza muwaulize wazee. Nao walikuwa na ngege wao, wakaletewa sato, leo ngege wao wanamsimulia tu. Hicho ndicho nilichokuwa nalipwa mshahara nizuie kisitokee huku. Na kuna mahali nilishindwa, na kuna bwawa moja nitachelewa kulitaja. Nivumilieni, nitafika.

Aliyenifundisha kuwatofautisha hakuwa mwalimu wa chuo. Alikuwa Mzee Ramadhani, mvuvi wa Karema, mtu wa swala tano na matusi madogo madogo katikati. Wiki yangu ya kwanza pale ufukweni nilimwonyesha samaki mmoja nikamtaja jina lake la kitaalamu kwa sauti kubwa, ili wavuvi wasikie kwamba nimesoma. Mzee Ramadhani akamgeuza yule samaki, akamtazama, akanitazama mimi.

"Binti," akasema, "wewe umesomea samaki au umesomea picha zao?"

Wavuvi walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Nilikuwa nimekosea, tena si kidogo. Nilitamani kulia. Lakini yule mzee akanivuta pembeni, akatia maji kwenye beseni jeupe, akamweka samaki mle, akaniambia nisubiri atulie. Samaki aliyeshikwa mkononi amekasirika, rangi yake haiaminiki. Akitulia ndipo umsome. Akaniambia nianze na mkia. Sato mkia wake una mistari iliyosimama, myembamba, imepangwa vizuri kama kitenge. Ngege wetu hana mpangilio ule. Toka siku ile sikuwahi kwenda kijijini bila beseni jeupe, na wengi walidhani nauza vyombo. Nyie mna simu zenye kamera nzuri, hongereni, lakini chukueni na beseni.

Bosi wangu wa kwanza, Mzee Tito, naye alikuwa mtu wa maneno machache. Aliponituma Mwese kuanzisha ufugaji wa samaki, alinipa agizo moja tu: "Mbegu chukua ya huku huku. Shuka Karema, tafuta ngege, panda nao." Nikaitikia ndiyo mzee.

Sikushuka Karema. Barabara ilikuwa mbaya, mimi kijana, nina haraka ya kuonekana. Rafiki niliyesoma naye alikuwa na vifaranga vya sato, akanitumia kwa treni kutoka Tabora, kwenye mifuko ya nailoni iliyojazwa hewa. Nikavipokea stesheni hapa Mpanda nikivikumbatia kama nimejifungua. Nilijua ni sato. Nilijua Mzee Tito alisema ngege. Nikajiambia, bwawa ni bwawa, samaki wataenda wapi, hawana miguu. Na sato anakua haraka, mgeni rasmi akija atakuta samaki wakubwa, na mimi nitasifiwa.

Mtu niliyempa anaitwa Leonidasi. Anaitwa, nasema, ingawa alishafariki, maana Mwese bado wanamtaja kama yupo. Wazazi wake walikimbia Burundi, yeye akakulia huku huku milimani, akapata uraia pamoja na mke wake Konsolata. Alikuwa mwembamba, mcheshi, na jembe mkononi hakuna aliyemfikia. Bwawa lake alilichimba peke yake, viangazi viwili, udongo mwekundu akiubeba kwenye ndoo. Nilipomwaga vile vifaranga, alipiga magoti ukingoni, akavua kofia.

"Bwana Samaki," akasema, "hii zawadi sitaisahau."

Nikamwambia si zawadi, ni mradi. Akacheka tu. Laiti ningemsikiliza vizuri siku ile.

Muda si mrefu nikahamishiwa upande wa Mpimbwe, huko kwetu, karibu na Ziwa Rukwa. Mimi ni Mpimbwe wa Kasansa. Nikakaa kule miaka mingi, nikazaa, nikanenepa, nikafiwa na mume. Kuhusu wale sato wa Mwese, nilijifanya nimesahau. Mtu akipita kutoka kule sikumuuliza habari za bwawa, nikihofia atanijibu.

Nilipokaribia kustaafu nikarudishwa tena wilaya ya Tanganyika, na haukupita mwezi Mzee Ramadhani akanipigia simu. Alikuwa mzee sana sasa, anavua kwa mdomo tu, kama alivyosema mwenyewe.

"Bwana Samaki, kuna mama katoka milimani kaleta samaki wa kukaushwa hapa mnadani. Mkia wao siupendi."

Niliteremka Karema siku hiyo hiyo. Hata kwenye samaki aliyekaushwa moto, ukimlowesha, mistari inaonekana. Ilikuwepo. Mzee Ramadhani akanikazia macho, akauliza nani aliwapeleka sato kule juu. Nikamwambia tutachunguza. Mtu aliyenifundisha kazi, nami nikamjibu kama karani.

Basi nikapanda Mwese. Leonidasi alikuwa ameshazikwa, karibu tu na lile bwawa. Konsolata alinipokea kwa mikono miwili, akanikumbatia muda mrefu, akaniwekea maharage na ndizi. Kwa sheria za kazi unaanza na ukaguzi. Mimi nawaambia anzeni na kula. Ukikataa chakula cha mtu halafu ukamwambia ukaushe bwawa lake, usishangae ukirudi kwa miguu.

Nilimweleza. Nikamwambia mvua za mwezi wa kumi na moja zikija kwa nguvu, maji yatapita juu ya tuta, yataingia kijitoni, na samaki wataondoka nayo mpaka ziwani, na baada ya hapo hakuna serikali wala malaika wa kuwarudisha. Ilikuwa lazima bwawa likauke kabla ya hapo, na samaki wote watolewe.

Akasema, "Watu wengine wakifiwa wanaachiwa nguo. Mimi nimeachiwa hawa."

Kisha akauliza swali ambalo limenikaa moyoni mpaka leo: "Leonidasi alikosea wapi?"

Ule ndio ulikuwa wakati wa kusema. Nilikuwa na kijiko mkononi. Nikasema, "Hakujua tu, dada." Nikamwachia marehemu kosa langu, ndani ya nyumba yake, kwa chakula cha mke wake. Someni hapo mara mbili.

Tulikausha bwawa siku ya pili. Konsolata alileta mkeka, akautandika juu ya tuta, akakaa, kitenge kimefunika kichwa. Majirani walipopita wakamwona, wakaelewa, nao wakakaa. Hakuna aliyeitwa. Wakakaa kimya na msiba wao, na mimi nilikuwa chini kwenye matope na gambuti zangu, nachota samaki kwa wavu. Mtu mmoja akaniita nipumzike nao kidogo. Nikasema nina kazi.

Sasa sikilizeni utaalamu, maana hapa ndipo wengi mtakosea, na mimi nilishakosea huko Mpimbwe. Jike la sato anabeba watoto mdomoni. Mayai anayaweka mdomoni, yanaanguliwa humo, na wadogo wakitoka kucheza wakaona hatari wanakimbilia humo humo, naye anafunga mdomo. Siku hizo hali kitu. Kule Mpimbwe niliwahi kumtoa jike mmoja nikamtupa ukingoni, karibu na mfereji, nikaendelea na wengine. Nikasikia anapigapiga. Nilipogeuka, alikuwa amefungua mdomo na watoto wanamiminika mferejini, wadogo kama kope, yeye anakufa. Nilisimama pale nikamwonea huruma yule mama, na huku namlaani. Kwa hiyo nyie, jike ukimshika, mweke kwenye ndoo yenye mfuniko, mbali na maji yoyote. Jike mmoja ni bwawa zima.

Maji yakibaki kwenye vidimbwi na nyayo, usiseme yameisha. Pitisha mkono kila kidimbwi. Halafu mwaga chokaa, acha jua lichome mpaka matope yapasuke uweze kuingiza kidole. Na maji ya ndoo msimwage kijitoni eti ni maji tu. Mwageni shambani, juani.

Kijiji kizima kilikula samaki siku ile. Konsolata hakula. Kabla sijaondoka nikamuuliza, kalamu mkononi, "Dada, umeshamuuzia mtu yeyote vifaranga?"

"Sijauza hata mmoja," akasema, na hakuwa mtu wa uongo.

Nikaandika: hakuna usambazaji. Nikapiga mhuri.

Wiki tatu baadaye nilikuwa kijiji kingine cha Mwese, nimekwenda kwa shughuli nyingine kabisa, nikaomba maji ya kunawa. Mwenye nyumba akaniambia nichote kwenye kibwawa nyuma ya migomba. Nikainama. Mkia ukapita mbele ya macho yangu. Mistari imesimama, myembamba, imepangwa kama kitenge.

Nilimwendea Konsolata nikiwa nawaka. Sikusalimia hata. "Ulinidanganya! Ulisema hujauza!"

Alikuwa anapepeta maharage. Akaweka ungo chini. "Bwana Samaki, kaa upumue. Uliniuliza nimemuuzia nani. Mimi nitauzaje mbegu ya mume wangu? Hukuniuliza nimempa nani."

Ndipo akanifundisha kitu ambacho nilipaswa kukijua siku Leonidasi alipovua kofia. Kwa wazazi wao kule Burundi, mtu akikupenda alikupa ng'ombe. Ng'ombe akizaa, ulikuwa unampelekea aliyekupa mmoja wa wale ndama, kwa shukrani, na undugu ukafungwa. Huku milimani ng'ombe hawakuwa nao. Leonidasi alipopata samaki akasema hawa ndio ng'ombe wetu. Akawa anampa jirani vifaranga. Vya jirani vikizaa, jirani alimrudishia vichache, kisha naye akampa mwingine. Mtu alipewa samaki akioa, akipata mtoto, akipona ugonjwa, akipatanishwa na ndugu yake. Kumbe miaka yote niliyokuwa Mpimbwe najifanya nimesahau, sato wangu walikuwa wanatembea vilima vyote vya Mwese kwenye ndoo, wakiunganisha watu.

Nilikaa chini kwenye ule udongo. Nilikuwa nimeona wingu la mvua asubuhi. Nikasema, "Tumekwisha. Sasa nani atajua wako wapi?"

Konsolata akanishangaa. "Nani atasahau aliyempa zawadi?"

Akaanza kutaja. Huyu alipewa na Leonidasi, naye akampa yule wa kanisa la juu, yule akampa shemeji yake, shemeji akampa fundi baiskeli. Niliandika mpaka vidole vikaniuma. Ofisini hatukuwahi kuwa na kumbukumbu safi namna ile. Desturi ile ile iliyowasambaza ndiyo iliyonionyesha kila shimo walilokuwemo. Kwa hiyo vijana wangu, mkifika nyumba ya mtu ulizeni mambo mawili: ulipewa na nani, na wewe umempa nani. Habari ya kuuza iacheni mwisho.

Lakini kulikuwa na kikwazo. Zawadi haidaiwi irudi. Ukienda kumnyang'anya mtu ulichompa, umemtangazia kijijini kwamba undugu umekufa. Nikasema nitakwenda mimi na barua ya serikali. Konsolata akatikisa kichwa. "Ukienda na barua watakupa wachache wa kukuridhisha, na wengine watawaficha kwenye mtungi. Si kwa ubaya. Kwa heshima ya Leonidasi."

Alipepeta maharage yote mpaka yakaisha kabla hajasema tena. "Tutasema amekufa. Ng'ombe wa zawadi akifa, mwenye habari anakwenda kumwambia mwenzake, wanakaa, wanalia pamoja, na undugu unabaki palepale. Hakuna aliyefanya kosa."

Basi tukatembea. Sehemu nyingi pikipiki haikupanda, tukaenda kwa miguu, yeye na mkeka wake begani, mimi na beseni, wavu na mfuko wa chokaa. Kila nyumba aliingia vilevile. Alitandika mkeka kando ya bwawa lao, akakaa, akasema: "Samaki wa Leonidasi amekufa. Nimekuja kuwaambia, maana nyie ni watu wake." Nao waliitikia pole, wakakaa naye. Wakimaliza, wao wenyewe walifungua maji. Sikuwahi kutoa barua mfukoni.

Mmoja tu alibisha, yule fundi baiskeli. "Mama, amekufaje wakati namwona pale anaogelea?"

"Mimi ndiye nyumba aliyotoka," Konsolata akamjibu. "Nikisema amekufa, amekufa. Chukua jembe."

Fundi akachukua jembe. Kicheko kilinishika nikajificha nyuma ya migomba.

Bwawa la mwisho lilikuwa karibu kabisa na kijito, hatua kama ishirini tu. Tulipofika, mbingu ilikuwa nyeusi na upepo umeshaanza kuleta harufu ya udongo. Siku ile hakuna aliyekaa mkekani isipokuwa Konsolata. Wanaume, wanawake, mpaka katekista na kanzu yake aliyoikunja kiunoni, wote waliingia topeni kupapasa vidimbwi. Katekista ndiye aliyempata jike wa mwisho. Alimfunika mdomo kwa vidole viwili, taratibu sana, kama anavyoshika mtoto wa kubatizwa, akamtia ndoo yangu, nikafunga mfuniko. Tulimwaga chokaa huku matone ya kwanza yanatupiga mgongoni. Kisha ikashuka mvua ya kweli, kijito kikapanda mpaka kwenye tuta, na hakikuwa na kitu cha kuchukua.

Nililia, sioni aibu kusema. Nilimkumbatia Konsolata, tumelowa, nikamwambia, "Tumemaliza, dada."

Akasema, "Bado mmoja."

"Nani?"

"Wewe."

Hapa ndipo nilipokuwa nachelewa kufika. Mwaka ule wa kwanza samaki wa Leonidasi walipozaa, alifanya kama desturi inavyotaka. Alijaza galoni, akampa dereva wa lori la mahindi, akamwambia hii ipelekwe Kasansa kwa Bwana Samaki, ndiye aliyenipa. Ikafika. Mama yangu aliipokea, akawamwaga kwenye shimo la nyuma ya nyumba tulikochota udongo wa matofali, shimo lililokuwa halikauki mwaka mzima. Nilipokwenda kumsalimia niliwaona. Niliujua ule mkia, sikuhitaji beseni. Mama alikuwa amechuchumaa anawatupia makombo ya ugali, anaongea nao, ananiambia, "Mwanangu, kumbe kazi yako nzuri hivi." Nikageuza uso. Nikajiambia shimo ni la peke yake, na mama ni mtu mzima, acha afurahi. Masika ya miaka miwili nilisikia shimo lilikaribia kufurika kuelekea mto uendao Rukwa, na bado nikanyamaza. Nilikausha mabwawa ya wajane na mafundi baiskeli, na la mama yangu nikaliacha.

Nilifikiri hakuna anayejua. Lakini nimeshawaambia, wale watu hawasahau aliyempa nani.

Tulipanda basi mimi na Konsolata, tukalala Mpanda kwangu, kesho yake tukafika Kasansa mchana. Mama yangu alikuwa ameshakuwa mzee wa kuongozwa mkono, lakini njia ya kwenda shimoni aliijua bila kuongozwa. Konsolata alimsalimia kwa adabu zote, akatandika mkeka wake ule ule, umechakaa kona, akamkalisha mama, akakaa naye. Mimi nikasimama pembeni na gambuti, wavu mkononi, kama kawaida yangu.

"Mama," Konsolata akasema, "samaki wa Leonidasi amekufa. Nimekuja kukuambia, maana wewe ni mtu wake."

Mama akaitikia pole. Akatazama maji muda mrefu. Halafu akauliza, bila hasira, anataka tu kujua: "Kwani, wanangu, walikosea nini?"

Konsolata akajibu kwa upole, "Hawakukosea, mama. Ni mume wangu hakujua."

Vijana wangu, nimefanya kazi kwenye maji maisha yangu yote, na sijawahi kukosa pumzi kama pale. Yalikuwa maneno yangu yale. Alikuwa ameyabeba kutoka Mwese, nyumba kwa nyumba, ameyaamini, na sasa alikuwa anayasema mbele ya mama yangu dhidi ya marehemu wake.

Nikasema, "Hapana."

Wote wakanigeukia.

"Leonidasi hakukosea popote. Mimi niliagizwa ngege wa Karema. Nilijua. Nikaleta sato kwa sababu wanakua haraka, nilitaka nisifiwe. Uliponiuliza, dada, nikamsingizia. Na hawa wa hapa nimewajua miaka yote."

Mama akafumba macho. Konsolata alikuwa anachezea uzi wa kitenge chake, anauzungusha kidoleni, anaufungua. Nilisubiri anifukuze, na nilikuwa tayari, wavu nimeshauweka chini.

Kwenye bwawa la Leonidasi leo kuna ngege. Mzee Ramadhani aliwachagua mwenyewe pale ufukweni, mmoja mmoja, kwenye beseni langu, akitukana kidogo, nami nikamwambia na yeye ukweli. Wameshazaa. Wiki iliyopita Konsolata amenitumia ujumbe kwamba katekista amepewa vifaranga kwa ajili ya mjukuu wake. Nendeni mkawaone, na mkipewa chakula kuleni.

Ila siku ile shimoni hayo yote hayakuwepo bado. Kulikuwa na wanawake wawili mkekani na mimi nimesimama. Konsolata aliuachia ule uzi, akanitazama kuanzia gambuti mpaka usoni. Sikuona hasira. Niliona mtu aliyetua mzigo wa mumewe.

"Kumbe huu msiba ni wako tangu mwanzo," akasema. "Na mabwawa yote yale umesimama tu."

Akamsogelea mama kidogo, akapangusa vumbi kwenye nafasi iliyobaki pembeni yake. Miaka yote hiyo hakuwahi kuniita ila Bwana Samaki.

"Njoo ukae, mdogo wangu," akasema.

Nikavua gambuti, nikakaa.